Jina Langu Kwenye Bango la Shangazi Odessa

Jumatatu, 3 Juni

Nimeteuliwa mshauri. Nimejiteua mwenyewe, lakini uteuzi ni uteuzi.

Shangazi Odessa ameomba cheti cha kilimo hai. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akiridhika, sukuma wiki ya Shangazi, kunde zake na viazi vitamu vyake vitaingia kwenye lile duka la Atlanta ambako watu wananunua majani kwa bei ya nyama. Asiporidhika, shamba linakodishwa kwa kampuni ya misonobari, na Shangazi anahamia Detroit kwa binti yake. Alisema hivyo jana mezani, macho kwenye sahani. Magoti yamechoka, alisema, hana nguvu ya kuanza upya. Detroit! Ambako hakuna hata kuku wa kumfokea asubuhi. Na ekari za babu zigeuke mbao. Nilikosa hamu ya kula kabisa. Nikala sahani mbili tu.

Kwa hiyo nimeamua kuliokoa shamba. Nikishaliokoa nataka kitu kimoja. Bango barabarani, lenye jina langu. Kila mtu hapa Pinder Creek ana jina lake mahali. Shemasi Broadnax analo kwenye benchi la mbele kanisani. Marehemu baba analo kwenye jiwe. Mimi, Thaddeus Gilyard, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, jina langu limeandikwa mahali pamoja tu, ukutani kwenye karakana ya ushirika, chini ya maneno "Wafuatao wasiguse mashine." Tena hao wafuatao ni mimi peke yangu.

Kikwazo: Dada Jonelle Whitlow. Ameajiriwa na ushirika kuwasaidia wakulima weusi wa kaunti hii kupata vyeti. Anazunguka shamba hadi shamba na mabuti yake, anajua kila kanuni, na watu wanampenda. Februari aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Mzee Isom Tuggle alisimama akasema babu zetu walilima bila dawa kwa sababu kila walipokwenda ofisi ya mjini kuomba msaada waliambiwa fomu zimeisha. Leo ndio tunaambiwa tuithibitishie karatasi kwamba hatukutumia dawa? Watu walicheka sana. Wazee hawakucheka. Dada Jonelle alijibu kwamba safari hii fomu anazo yeye, kwenye begi, na haziishi. Akapigiwa makofi.

Baada ya hapo akaeleza kanuni zenyewe. Hapo nilisinzia kidogo.

Jumanne, 4 Juni

Nimekagua shamba kabla ya mkaguzi. Nimevaa tai, ili mimea izoee.

Kunde safi. Bamia safi. Ghala limefagiwa. Tarehe za kupanda, ambazo Shangazi huziandika nyuma ya vile vipepeo vya karatasi vya kujipepea tunavyopewa misibani, Dada Jonelle ameshazinakili vizuri. Nilikuwa karibu kuridhika. Halafu nikafika mpakani.

Aibu! Kati ya shamba letu na pamba ya jirani kuna utepe mzima wa magugu. Yamenifika mabegani. Vichaka vya beri za porini, miiba, nyuki, sijui nini. Bibi yangu alikuwa akifagia uwanja kwa vijiti mpaka udongo unang'aa, eti asije akapita mgeni akasema Gilyard ni wachafu. Na sisi tumlete mkaguzi kwenye pori? Nilimuuliza Shangazi mbona hapajafyekwa miaka yote hii. Akasema pako hivyo kwa sababu zake, nimwache achambue maharage. Uzee huo. Magoti.

Kufyeka siwezi, nina mgongo. Nikamfuata Shemasi Broadnax. Simpendi Shemasi. Anaomba kwa sauti kubwa na ananipita kwa kila kitu. Lakini ana trekta lenye tangi la kupulizia dawa, na hajawahi kumnyima mtu msaada, jambo ambalo nalo linaudhi. Nikamwambia amfurahishe Shangazi kwa ghafla, apitishe dawa ya magugu pale mpakani kesho asubuhi, iwe siri yetu. Akasema kwa Dada Odessa hata mara mbili. Hataki kitu. Akikumbukwa kwa chochote kitamu, basi.

Nimelala mchana nikiota bango.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbaya. Nimeokoa kila kitu, lakini siku mbaya.

Dada Jonelle alikuja wakati wa kifungua kinywa kumpitisha Shangazi kwenye kanuni mara ya mwisho. Nilikuwepo kama mshauri mwenza, nakula uji wa mahindi. Akasema jambo la kwanza mkaguzi atakaloliangalia ni ule utepe wa magugu mpakani. Nikatabasamu, nikijua tunakoelekea. Akasema utepe ule ndio ngao yetu, dawa ya pamba ya jirani ikipeperushwa na upepo inaishia pale. Ndiyo maana Shangazi ameuacha ukue. Tabasamu likapungua. Akasema likidondoka tone moja la dawa kutoka upande wetu, hesabu ya miaka bila dawa inaanza upya, miaka mitatu kamili, kama vile Shangazi hajafanya lolote.

Shangazi akasema akianza tena miaka mitatu, basi hiyo ataimalizia mbinguni. Ampigie tu simu yule mtu wa misonobari.

Uji ukanipalia. Na hapo hapo nikasikia trekta.

Nilitoka mbio. Mtu wa mgongo, na tai, nikakatiza katikati ya kunde. Kiatu kimoja kilibaki kwenye bamia. Shemasi alikuwa ameshafika mpakani, mkono kwenye kile kishikio cha kufungulia dawa, anaimba tenzi. Kupiga kelele za dawa siwezi, Dada Jonelle amesimama barazani anatazama. Nikajilaza chini mbele ya gurudumu.

Shemasi akauliza kama hii ni roho imenishukia au ni kiharusi. Sikuwa na pumzi. Ilibidi nitoe neno moja litakalomshusha mtu huyu kwenye trekta, na nikalipata. Nikasema, pai. Pai ya mapichi ya Shangazi Odessa.

Alizima injini. Akauliza iko wapi. Nikamwambia iko Ijumaa. Nikamwambia Shangazi anaandaa karamu Ijumaa na anamtaka yeye kwenye kiti cha mbele, na magugu yasubiri mpaka tule, maana harufu ya dawa inaharibu pai. Alinishika mkono kwa machozi. Akaondoka na tangi lake limejaa vile vile.

Nilimwambia Shangazi nilikuwa namfukuza ng'ombe wa jirani. Akaniuliza ng'ombe gani anaimba tenzi. Nikaenda kutafuta kiatu.

Alhamisi, 6 Juni

Shemasi ameitangaza karamu kwenye ibada ya maombi jana jioni. Mbele ya kanisa zima! Simu inalia tangu alfajiri. Dada Vernell anauliza alete saladi ya viazi. Familia ya Tuggle wanaleta paja la nguruwe la kukaushwa kwa moshi. Shangazi amepata habari za karamu yake mwenyewe kwa simu.

Alipoweka simu chini akanigeukia. Nikamweleza kwamba ni mkakati. Mkaguzi ni binadamu, ana tumbo, akishiba atalainika. Akasema, "We mtoto, mama yako aliniachia wewe ili anikomoe." Halafu akafunga aproni na kufungua mitungi ya mapichi. Jambo likishatangazwa kanisani halirudi nyuma, kila mtu analijua hilo. Mchana wote nyumba ilinukia siagi na mdalasini. Nilimkuta akiimba huku anasukuma unga. Sijamsikia akiimba tangu aanze kusema habari za Detroit. Niseme ukweli, nilifurahi.

Dada Jonelle alipita, akaona viti, akashika paji la uso. Akasema, Kaka Thaddeus, kuna jambo kuhusu wakaguzi na chakula. Nikamwambia aniambie baadaye, nimebeba meza.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nikiwa nyuma ya ghala. Nimefukuzwa barazani.

Mkaguzi alifika asubuhi. Bi. Sessoms, mwanamke mweusi mrefu, kofia pana, kutoka North Carolina. Akakuta kanisa zima uwanjani, kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, paja la nguruwe, pai saba zimepangwa kwenye kitambaa cheupe. Na katikati ya magari, trekta la Shemasi Broadnax. Gari lake ni bovu, sasa anakwenda kila mahali na trekta. Na tangi lake.

Shangazi akaja na sahani mikono miwili. Bi. Sessoms akasema asante, hataweza. Shangazi akadhani hajasikia vizuri. Akaleta chai ya barafu. Hataweza. Keki ya kupeleka nyumbani basi. Hataweza. Maji ya kisima? Akainua chupa yake mwenyewe.

Shangazi akaiweka sahani chini taratibu. Akasema katika nyumba hii mtu mmoja tu ndiye aliwahi kukataa chakula, na huyo alikuja kumkamata kwa deni nyumbu wa kulimia wa baba yake Shangazi. Akasema mtu asiyekula kwake, karatasi yake naye haitaki. Akaanza kufungua aproni. Nikaona misonobari. Naapa niliiona, imesimama mpaka kwenye ngazi.

Dada Jonelle akaruka katikati. Akaeleza kwamba mkaguzi haruhusiwi kula hata punje ya kwa mtu anayemkagua, watu wasije wakasema amenunuliwa. Kumbe ndilo lile jambo. Alipaswa kulisema kwa sauti zaidi. Bi. Sessoms naye akasema, macho hayabanduki kwenye pai, kwamba amelelewa kwenye nyumba kama hii, na mama yake angekuwepo leo angemzaba kofi. Halafu akatoa kwenye mkoba sandwichi ya kituo cha mafuta, imefungwa nailoni.

Shangazi aliitazama ile sandwichi. Uso wote ukabadilika. Akasema, "Maskini mwanangu. Kumbe umefungishwa."

Akageuka. Akatangaza kwamba mgeni amefunga, na kwa watoto wa babu Ezekiel Gilyard hakuna atakayekula mbele ya mgeni mwenye njaa. Vyakula vifunikwe mpaka amalize kazi na aondoke. Wote.

Sijawahi kusikia kanisa likiguna kwa pamoja namna ile.

Na mama yule anakagua! Alipima, akauliza mbegu zimetoka wapi, akanusa mbolea ya kuku, akasoma nakala za tarehe moja moja. Watu wamekaa na harufu. Mzee Tuggle alikwenda kukaa kwenye gari akafunga vioo. Mimi nilikuwa na paja la kuku kwenye mfuko wa koti, nimeliweka humo mapema, kwa hiyo nilistahimili vizuri. Nilikuwa nyuma ya mkaguzi hatua chache, natikisa kichwa kila anapoandika.

Ndipo Shemasi Broadnax, amelegea kwa njaa, akaja akavua kofia. Akasema kwa heshima zote kwamba ikiwa kula bado, basi yeye asikae bure. Apande trekta akaipige dawa ile mpakani, kama Ndugu Thaddeus alivyomwomba.

Kalamu ya mkaguzi ikasimama.

Dada Jonelle akafumba macho. Shangazi hakufumba. Aliniangalia mimi, na mkono wake ukatafuta kiti. Bi. Sessoms akauliza, polepole, ni dawa gani, na imeshapulizwa au bado. Nikafungua mdomo kusema habari za ng'ombe. Shangazi akaniambia niufunge.

Shemasi akaeleza. Anajua kueleza, sikatai. Akaonyesha nilivyokuja mbio kiatu kimoja, akajilaza kwenye nyasi na suti yake ya ibada kuonyesha nilivyojilaza, akalia "pai" kwa sauti yangu, kwa kuhema. Watu walicheka mpaka Dada Vernell akashikiliwa. Shemasi akasema tangi hajaligusa, analo hapo, na karatasi ya dukani bado imezunguka mfuniko. Bi. Sessoms akapanda juu ya trekta mwenyewe. Limejaa mpaka shingoni. Akaenda mpakani, sote nyuma yake kama tunazika mtu. Magugu mabichi, yamesimama. Beri zimeiva, nyuki wanavuma. Akachuma majani huku na huku, akayatia kwenye mifuko, akaifunga kwa lakiri. Yatapelekwa maabara, na jibu litakuja kwa posta. Akasema utepe mzuri namna hii hajauona mwaka huu. Nikasema asante.

Vumbi la gari lake halijatua, Shemasi akaomba sala ya chakula. Maneno manne. Sikujua anaweza.

Walikula hadi jua likapoa. Wakaimba, wazee wakacheza karata, Mzee Tuggle akatoka kwenye gari. Mimi niliambiwa nitahudumiwa baada ya mbwa. Shangazi aliijaza sahani moja, akaifunika, akaandika juu "Ya Bi. Sessoms. Asiguse mtu," akaiweka kwenye friji ya kugandisha. Atakaa nayo mpaka mama yule astaafu.

Mwishowe alinifuata huku nyuma ya ghala. Akakaa juu ya ndoo. Akasema kama ni kuondoka hapa, alitaka aondoke kwa magoti yake, si kwa ujinga wangu. Hakufoka. Ingekuwa afadhali afoke. Nilijisikia vibaya, vibaya sana, sijui niandikeje. Nikataka kumwambia samahani. Lakini mfuko wa koti ukanisaliti, mfupa ukaanguka.

Akauangalia. Akaondoka.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani nimekaa benchi la nyuma. Mchungaji alihubiri kuhusu watu wanaojilaza mbele ya mambo wasiyoyaelewa. Hakunitaja. Waumini wote waligeuka hata hivyo.

Shangazi hapiki pai. Kila gari la posta likipita anasimama dirishani, halafu anakaa. Yule mtu wa misonobari amepita na gari lake jipya, akapunga mkono. Nikalegeza kidogo geti la jirani, na ng'ombe, wa kweli safari hii, wakatoka wakasimama kwenye matope mbele ya gari hilo, jirani akiwakimbiza. Huo si mpango. Ni ajali niliyoisaidia.

Jumamosi, 20 Julai

Imekuja! Maabara haikukuta kitu. Cheti kimekuja!

Shangazi alikisoma barazani, akakisoma tena, akaniita nimsomee, akamwita Dada Jonelle amsomee kwa sababu mimi nilikuwa nalia. Halafu akashuka barabarani na kucheza, na yale magoti, na slipa moja. Dereva wa posta alizima gari akapiga makofi. Shangazi akapiga simu Detroit akamwambia binti yake chumba akipangishe. Akampigia yule wa misonobari pia. Hiyo simu ilikuwa fupi na siwezi kuiandika, mimi ni Mkristo.

Dada Jonelle alikumbatiwa na kila mtu, na amepewa pai nzima, maana yeye anaruhusiwa. Wakulima wengine sita wa kanisani kwetu wamemwomba fomu leo hii, akiwemo Mzee Isom Tuggle, aliyesema anataka kuiona hiyo fomu isiyokwisha.

Na sasa jambo lenyewe. Shangazi amesimamisha bango. Kanuni zinashauri kuwe na bango barabarani, ili wapulizaji wa jirani na wa kaunti wajue. Amelichora mwenyewe, na halikuonyeshwa mtu hadi leo mchana. Nilipelekwa nikiwa nimefumba macho. Nikayafumbua.

Mstari wa kwanza: SHAMBA LA KILIMO HAI. Wa pili: USIPULIZE DAWA. Wa tatu, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko zote: HASA WEWE, THADDEUS.

Watu wote walikuwa wananitazama nitafanya nini, wengine wameshika midomo. Nikamkumbatia Shangazi. Jina langu! Rangi nyekundu, na nyekundu ndiyo ghali. Linasomeka kutoka kwenye kona ya barabara. Jina la Dada Jonelle halipo. Hata la Shangazi mwenyewe halipo! Nimejipiga picha nikiwa nimeegemea nguzo na nimewatumia ndugu wote mpaka Chicago. Shangazi alicheka hadi akakalia ngazi, akasema mtoto huyu hana dawa. Nikamwambia ndiyo, shamba zima halina dawa, tunacho cheti.

Shemasi Broadnax alisimama mbele ya bango muda mrefu. Nadhani ni wivu. Amenong'ona kwamba naye anataka cheti, na kwamba mwaka wa tatu bila dawa kwenye bonde lake la chini unaisha Septemba. Atamwendea Dada Jonelle. Nikamwambia Dada Jonelle ana kazi nyingi, lakini kuna mshauri mwingine ambaye jina lake linajulikana.

Nimekwenda kulitazama bonde hilo jioni. Viazi vyake si haba. Nimeshaona mahali litakaposimama bango lake, na nafasi ya mstari wa tatu ipo. Ila mfereji wa pembeni ni aibu tupu, magugu mpaka kiunoni, na yeye ni mtu wa kanisa, hawezi kumpokea mgeni hivyo. Sitamwambia. Nataka iwe furaha ya ghafla. Kesho baada ya ibada naenda kuazima pampu ya dawa kwa Mzee Tuggle.